Zaituni, Nimekuzika Mara Mbili

Mpwa wangu Zaituni,

Darasa la nne, kabla sijaachana na shule kwa hiari yangu (wapo wanaosema kwa hiari ya mwalimu), tulifundishwa kwamba barua huanza kwa kumwuliza mtu hali. Hujambo huko uliko, mimi huku sijambo. Nimekaa hapa barazani kwa mama yako tangu chai ya asubuhi, kalamu mkononi, na neno hilo limekataa kutoka. Si kwamba nimesahau kuandika. Mwandiko wangu unaujua, ulikuwa ukisema kuku kapita na matope miguuni, lakini unasomeka. Neno limekataa kwa sababu ndilo hilo hilo lililoniponza. Kwa hiyo leo sikuulizi hali. Nakupa habari tu. Na moja katika hizo ni ya kuomba radhi, nitaifikia, usinikimbize.

Kwanza nikupe zile za kutembea kifua mbele.

Kirikuu changu ni kizima. Fundi wa Muheza amekifungua chote, akakifunga tena, akasema injini kama hii hajawahi kuiona duniani. Sikumwuliza ana maana gani, sifa ni sifa. Kiti cha mbele nimekishonea godoro jipya, maana wale wanaotoka kwenye dripu hawataki kukaa pagumu. Siku hizi nikipita Pangani watu hawasemi gari la Rajabu, wanasema gari la wagonjwa, na wananipisha njia hata nikiwa nimebeba mbao.

Kikundi chako cha wasindikizaji ulikiacha na watu sita. Leo tuko kumi na mbili. Kazi ni ile ile uliyoianzisha: mgonjwa wa kansa wa kijijini asiende hospitali peke yake. Mmoja wetu anamfuata kwake, anampeleka, anakaa naye kwenye benchi hata kama ni kutwa nzima, anamrudisha. Mama Eliasi wa Maramba ndiye amekalia kiti chako. Yule Mlutheri wako mwenye sauti ya kengele, aliyeugua akapona, ambaye ukimwambia jambo mara mbili anakuuliza mara ya kwanza ulidhani hakusikia. Anatuendesha kama shamba la katani. Mama yako naye, aliyekuwa akinung'unika kwamba kikundi kimemwibia mtoto, sasa anashona kofia za kitambaa laini kwa walionyonyoka nywele. Kasema nisimtaje. Nimemtaja.

Na mimi nimesimama kanisani. Mimi Rajabu, na kanzu yangu, na kofia yangu, mbele ya Walutheri wa Maramba! Mama Eliasi aliniomba niseme neno juu ya kikundi. Nikasema maneno machache, kama ya nusu saa. Alinivuta kanzu mara tatu. Walipiga makofi mpaka popo wakatoka darini, na kama huamini muulize… haya, muulize utakayeonana naye.

Sasa lile jambo.

Unamkumbuka Bi Mwanaidi wa Mwera. Wewe huna haja ya kukumbushwa, ila naeleza yote kwa sababu mama yako atataka asomewe barua hii kabla sijaifunga. Bi Mwanaidi ni yule mjane msusi wa mikeka, wa ng'ambo ya mto, mwenye uvimbe kwenye ziwa la kushoto ambao alimficha hata mwanawe. Ulimfuata mara tano. Mimi nilikupeleka zote tano. Ulinifundisha pale uani kwake ile sheria yako, kwamba ukifika kwa mgonjwa usianze na ugonjwa, shika kwanza kazi iliyo mbele yake. Akiwa anakuna nazi, kuna nazi. Akiwa anachambua mchicha, chambua. Kwa Bi Mwanaidi kazi ilikuwa kusuka ukili wa kushonea mikeka. Ukanikalisha chini mimi, dereva mzima mwenye leseni, nishike ukindu pamoja na wanawake. Ukili wangu ulikwenda upande kama nyoka aliyelewa. Bi Mwanaidi akaushika, akautazama, akasema, "Huu tutamfungia mbuzi." Ulicheka mpaka ukaegemea ukuta.

Mara ya tano ndipo ulipomwambia. Nilikuwa nimesimama kando, nikajifanya natazama tairi. Ukasema, "Bi Mwanaidi, na mimi ninao. Nakwenda Dar wiki ijayo." Akakutazama sana. Akasema, "Basi nenda. Nitakuangalia wewe. Ukirudi mzima, na mimi nitakwenda."

Hamkupeana mkono wala hamkuapa. Lakini mimi nilijua, na wewe ulijua, kwamba pale mmefunga mkataba.

Hukurudi mzima, mwanangu.

Arobaini yako ilipokwisha kusomwa, na wiki mbili juu yake, Mama Eliasi akanituma Mwera. Akasema, "Nenda kamwambie Bi Mwanaidi yaliyotokea. Kwa upole. Halafu umwombe aende hata hivyo." Njia nzima nimejipanga maneno. Kwenye pantoni nilikuwa nasema peke yangu, mwenye baiskeli mmoja akasogea mbali. Nimefika, nimeegesha, hodi, karibu, shikamoo Bi Mwanaidi, marahaba Rajabu, habari za Tanga, njema, za nyumbani, njema, watoto hawajambo, hawajambo, Zaituni hajambo, hajambo.

Hivyo tu, ikatoka.

Salamu zetu unazijua. Mtu anakuulizia ukoo mzima, na kuku, na wewe unajibu kabla masikio hayajasikia. Hata aliyefiwa asubuhi ile ile hujibu njema kwanza, kisha ndipo autaje msiba. Na mimi nilikuwa nautaja. Wallahi neno "ila" lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lakini Bi Mwanaidi aliuachia ukili magotini, akafunika uso kwa viganja vyote viwili, akasema, "Alhamdulillahi. Alhamdulillahi. Kumbe watu wanapona."

Sasa niambie, Zaituni. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Najua. Wewe ungesema kweli pale pale, ukamshika mkono, ukalia naye. Mimi nilisema, "Amenenepa!"

Na ukishasema mtu aliyekufa amenenepa, huwezi kusimama hapo. Nikamwambia nywele zako zimerudi nyeusi kuliko za kwanza. Nikamwambia unamaliza sahani mbili za wali na kuomba ukoko. Nikamwambia juzi umemkimbiza mwizi wa kuku Ngamiani, kutoka barabara ya sita mpaka barabara ya ishirini, na kuku ukamrudisha kwa mwenyewe. Bi Mwanaidi anacheka, machozi yanamtoka. Na mimi nilikuwa nakuona. Nilikuona kabisa unakimbia, kanga umeifunga kiunoni, ndala moja mkononi. Kwa dakika zile hukuwa umekufa. Nisikufiche, ilikuwa raha.

Wiki ile ile akaenda Dar.

Nilikuwa bingwa. Watu wote walishindwa, daktari wa zahanati alishindwa, mwanawe alishindwa, Rajabu ameweza kwa siku moja! Mama Eliasi akaniuliza, "Umemwambia?" Nikamjibu, "Kazi imekwisha." Sikusema kazi gani.

Walimpangia mizunguko sita ya dripu kabla ya kupasuliwa. Kila mzunguko namchukua Mwera na kirikuu, tunavuka kwa pantoni, namfikisha Muheza, pale Mama Eliasi anampokea na kupanda naye basi la Dar. Na kila safari, Bi Mwanaidi ananikabidhi duara la ukili alilosuka siku zile ambazo mikono inamtii. "Mpelekee Zaituni. Mwambie asishone kwanza, angoje zitimie, ni mkeka wa upana." Wa kwanza mwekundu na mweupe. Wa pili zambarau. Nikazificha uvunguni. Wa tatu ulikuwa na michoro sijapata kuiona, na vidole vyake wakati ule dawa ilishavifanya vyeusi kwenye kucha. Nikaulaza na wenziwe. Kila nikilala nilikuwa nalala juu ya zawadi zako, na kitanda changu, ambacho unajua nakisifu kuliko vyote Tanga, kikawa hakilaliki.

Mama Eliasi aligundua kwenye safari ya tatu. Bi Mwanaidi si msemaji, na dripu ikishamwingia huwa analala na kutapika tu, ndiyo maana ilichukua muda. Siku hiyo ndani ya basi, wanarudi, akamwambia, "Zaituni akiniona nilivyokonda atanicheka. Yeye si amenenepa?"

Mama Eliasi akamtengenezea kilemba.  Alimfikisha, akaja Tanga, akanifuata mpaka pale ninapokunywa kahawa, mbele ya wazee wote wa bao.

"Rajabu. Zaituni amenenepa?"

Nilijaribu kunywa kahawa. Kikombe kilikuwa kitupu.

"Nakuuliza wewe. Zaituni niliyemwosha uso mimi kwa mikono yangu pale hospitali, amenenepa?"

Nikamvuta pembeni. Nikamwambia bado mizunguko mitatu, akijua ataacha, akiacha atakufa, tumngoje amalize ndipo tumwambie. Nilisema vizuri, Zaituni. Hata mimi nilijisadiki. Akaniacha nikamaliza, akasema, "Na akiambiwa sokoni Pangani na muuza dagaa? Ataacha dawa, na ataacha kutusadiki sisi, na Mwera nzima itaacha pamoja naye. Nani atampandia gari tena mtu wa kikundi?" Kisha akaishusha ile sauti yake ya kengele mpaka ikawa ndogo. "Umemfufua wewe, utamzika wewe. Mimi sishiki jembe."

Nilikwenda Mwera siku mbili kabla ya mzunguko wa nne. Njia hiyo hiyo. Sikujipanga maneno mara hii. Nilibeba yale maduara matatu ya ukili kwenye kiti cha mbele, pale unapokaa wewe.

Nimefika, nikasalimu, shikamoo, marahaba, habari za Tanga, njema, za nyumbani. Nikanyamaza kabla hajafika kwenye jina lako. Nikakaa chini, nikashika ukindu ulio mbele yake, nikaanza kusuka. Amri yako. Nilisuka urefu wa mkono mzima, na Zaituni, ulikwenda sawa! Ulinyooka! Nina ushahidi, upo.

Bi Mwanaidi akautazama. Akanitazama na mimi. Amefunga kilemba, hana nyusi. Akasema, "Rajabu, umekaa muda wote huu na hujaniambia hata kitu kimoja ulichowahi kukiona. Kuna nini?"

Nikasema, "Zaituni amekufa."

Nilidhani nitasema na mengine. Hayakuwepo. Mtu mwenye maneno mengi kama mimi, yote yamekwisha kwa mawili.

Hakupiga kelele. Aliukunja ukili wake polepole, akasimama kwa kushika ukuta, akaingia ndani, akavuta pazia la mlango. "Nenda zako," akasema.

Sikwenda. Nilijua wewe usingekwenda. Nikabaki uani na wale kuku wake, jua likanifuata kutoka ukuta mmoja mpaka mwingine. Adhana ya alasiri imeshatoka, ndipo sauti ikaja kutoka nyuma ya pazia.

"Siku ile ulipokuja mara ya kwanza, alishakufa?"

"Alishakufa."

"Mlishasoma arobaini?"

"Tulishasoma."

"Na mimi ninamwombea afya kila sala." Kisha: "Mwizi wa kuku je?"

"Hakukuwa na mwizi."

"Alimaliza dawa?"

"Hakumaliza. Alipofika Dar walimwambia amechelewa."

"Mbona alichelewa? Yeye aliyekuwa akinifukuza mimi niwahi?"

Zaituni, hili sikuwa nimemwambia mtu. Hata mama yako anaposomewa hapa ndiyo analisikia, na anisamehe.

Unakumbuka siku ile tunatoka Ushongo, tumemrudisha yule mzee mwenye kansa ya koo? Umekaa mbele, unakula mihogo ya kukaanga kutoka kwenye gazeti, pilipili imekuwasha unavuta pumzi kwa meno. Ukasema, "Mjomba, na mimi nina kitu hapa." Ukajigusa kifuani. Na mimi, kwa sababu niliogopa, na mimi nikiogopa mdomo wangu unakimbia mbele yangu, nikasema hicho si kitu! Mimi nilikuwa na uvimbe mgongoni mkubwa kama dafu, nikabeba mzigo mmoja wa katani, ukapasuka, ukaisha, mpaka leo. Ukacheka. Ukagonga dashibodi mara mbili kwa vidole, kama ulivyokuwa ukigonga siku zote chumvi yangu ikizidi. Mara mbili, maana yake Mjomba, basi, inatosha. Na hukulitaja tena jambo lile mwaka mzima. Kila wiki ulikuwa na mtu wa kumwahisha.

Najua hukuchelewa kwa ajili ya dafu langu. Wewe hukuwa mtu wa kunisadiki. Lakini uliniambia, na mimi nilikujibu hivyo.

Nikamwambia Bi Mwanaidi yote hayo, nikiliambia pazia. Sikuongeza kitu. Nilisema uvimbe mgongoni sikuwahi kuwa nao, wala mzigo wa katani sijawahi kubeba, nilikuwa utingo tu. Nilisema, "Alichelewa kwa sababu alikuwa anasindikiza watu, na mimi niliyekuwa namwendesha sikumwambia twende." Nikayaweka maduara matatu ya ukili kizingitini. "Zawadi zako hizi. Hakuzipata. Nilizilalia."

Nikawasha kirikuu. Nikaondoka.

Siku ya safari, nikamwambia Mama Eliasi kwenye simu asingoje sana pale Muheza, pengine nitafika mtupu. Nikafika Mwera jua ndiyo kwanza linachomoza. Pale njia panda, juu ya furushi lake, alikuwa amekaa Bi Mwanaidi, uso ameugeuzia upande wa mashamba.

Nilishuka nikamfungulia mlango. Sikujua nisalimu vipi. Yeye ndiye aliyesema.

"Nimekula dawa mara tatu. Nywele zimekwenda, nyusi zimekwenda, ladha ya chai imekwenda. Nikiacha sasa vitu vyangu vyote hivyo vimekwenda bure? Na yule mtoto aliyechelewa, na mimi nichelewe makusudi nikamkute huko anitukane?" Akapanda. Akaweka furushi magotini. "Ila wewe Rajabu, kutoka hapa mpaka Muheza, usifungue mdomo."

Zaituni, wanasema mimi najisifu. Basi sikia, na hili lina mashahidi. Mimi Rajabu, kutoka Mwera mpaka kivukoni Bweni, sikusema neno! Nimepita kwa mtu ananipungia anataka lifti, sikusema. Mbuzi kakatiza barabara, sikumtukana. Kwenye pantoni yule mkata tiketi, anayenijua miaka, akaniambia, "Rajabu, leo yule mamba wa hadithi zako kakula ulimi?" Nikamwonyesha mdomo kwa kidole. Akashtuka. Akainama dirishani, akamwuliza Bi Mwanaidi, "Bibi, huyu ndiye mgonjwa?"

Bi Mwanaidi akasema, "Ndiye. Tunampeleka."

Pantoni ikaondoka. Katikati ya mto nikamsikia anahema, nikadhani anatapika, nikamtafutia mfuko. Kumbe anajizuia kucheka. Akasema bila kunitazama, "Haya. Sema kimoja. Kidogo. Kisiwe cha ugonjwa."

Nikamwambia kile cha pweza. Cha Ushongo, tairi limepasuka ufukweni, maji yanajaa, niko peke yangu, akatokea pweza mkubwa akaona shida yangu. Nati nne za kirikuu, kila nati mkono wake, amezifungua zote kwa mpigo mmoja. Mikono minne iliyobaki, miwili imeshika jeki, miwili inanipepea. Bi Mwanaidi alicheka mpaka kilemba kikalegea, akakishika kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akagonga dashibodi.

Mara moja.

Nilingoja ya pili. Nilingoja mpaka pantoni ikagusa ng'ambo. Haikuja, na hakujua ninachongoja, na mimi nikatia gia nikapanda mlima wa Pangani bila kuona barabara vizuri. Vumbi, nikamwambia.

Amemaliza mizunguko yote sita. Daktari kasema uvimbe umepungua na wamempangia kupasuliwa baada ya mfungo. Sikuambii amepona, sisemi tena maneno hayo kwa mdomo wangu, nasubiri nione kwa macho na bado nitamwuliza Mama Eliasi. Nakuambia kilichopo: anakula, chai imerudi na ladha, na mwezi uliopita alikwenda mwenyewe kwa jirani yake wa nyumba ya tatu ambaye naye anaficha kitu, akakaa naye akichambua maharage. Bi Mwanaidi ndiye wetu wa kumi na mbili, kama Mama Eliasi hajabadili nia kuhusu kuniacha mimi nihesabiwe.

Zile kili alizichukua kizingitini siku ile ile. Ameshona mkeka, wa upana kweli, na ameutandika barazani kwa mama yako, pale wanapopumzika wanaotoka mbali kabla ya safari. Ndio nilioukalia sasa hivi. Pembeni kabisa, ukitazama vizuri, ameunganisha na kipande kifupi, urefu wa mkono, kisicho na rangi. Ni changu. Kile kilichonyooka. Nimewaonyesha watu wote wanaopita na wengine nimewaita.

Aliniomba nimlete kwako. Nilimleta, akasimama nje ya ukuta wa makaburi, akakusomea Fatiha, kisha akakuambia maneno kwa sauti ya chini. Sikusikiliza. Haya, nilisikiliza kidogo. Alisema amewahi.

Basi mpwa wangu, mama yako anaita chakula na karatasi imebaki ukingo tu. Lala salama. Radhi niliyokuja kuomba ni mbili, ya dafu na ya kukufufua, unihesabie pamoja. Hadithi za pweza na mamba siziachi, nikiziacha kirikuu hakitawaka. Lakini kesho naamkia Maramba, kuna mama mmoja huko ambaye wewe ulimtembelea mara moja na bado anangoja, na najua swali lake la nne au la tano litakuwa wewe. Nakuahidi hivi, na nimeiandika ili mama yako anishike nayo. Akiniuliza Zaituni hajambo, nitamwambia Zaituni amekufa, mimi ni mjomba wake, na gari liko nje.

Mjomba wako,
Rajabu